Hilary Tranter na Chumba cha Vioo

Hilary Tranter alikuwa na kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Alisikiliza malalamiko ya watu wanaoonewa na wanasayansi. Mfuko wa Tiddeman, tulikofanya kazi mimi na yeye, hukusanya michango ya wananchi na kuigawa kwa maabara zinazotafiti magonjwa ya damu, na sheria yake moja inajulikana kwa kila anayeomba: profesa anayewanyanyasa vijana wake hapati ruzuku ya Tiddeman, hata awe amebakiza kidogo tu kugundua dawa ya kifo. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Hilary. Aliwahi kumnyang'anya ruzuku bwana mmoja mkubwa wa Uskoti. Bwana yule akapiga simu kumporomoshea matusi, Hilary akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ana lolote la kuongeza.

Ukimwona usingemdhania. Mama wa makamo, mfupi, anakuja kazini kwa baiskeli kutoka Walthamstow, pembezoni mwa London, kofia ngumu kichwani, suruali kaibana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Aliimba kwaya. Aliijua chai ya kila mmoja wetu, nani na maziwa, nani bila, nani anajidai ameacha sukari. Na neno lake lilikuwa moja: "Jamani, tusikuze mambo." Printa ikigoma, tusikuze mambo. Mume wake alipomwacha akahamia kwa mwalimu wa dansi, Hilary alikuja kazini kesho yake, akagawa chai, akasema tusikuze mambo. Mimi niliyekulia Muheza, ambako mume akitoroka asubuhi mtaa wa tatu wameshapata habari kabla ya ugali wa mchana, nilimshangaa sana. Baadaye, miaka ilipopita, nikaona si yeye peke yake. Waingereza hawa wanaona aibu kulalamika kuliko kuumizwa, na ugonjwa huo unaambukiza, maana hata mimi siku hizi mtu akinikanyaga kwenye treni ninamwomba radhi mimi.

Mkurugenzi wetu wa sayansi alikuwa Dokta Crispin Vaisey. Nitasema wazi kwamba sikumpenda, ili msomaji anipime vizuri. Vaisey hakuwa mtu wa kupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu, kwa sababu kelele zimetajwa kwenye sheria zetu. Yeye alitabasamu. Angekuita mezani kwake mbele ya watu na kukuuliza kwa upole, "Hili uliliandika mwenyewe, au kuna mtu anakuchukia?" Wenzako wakacheka, na wewe ukacheka, maana usipocheka utaambiwa huna utani. Akikuchoka anaacha kukutazama. Unaingia kikaoni, anasalimia wa kushoto kwako na wa kulia kwako. Walioondoka kwa ajili yake walikuwa wengi, na kila mmoja tulimkatia keki, na aliyetoa hotuba ya kumuaga alikuwa Vaisey mwenyewe. Alikuwa msemaji hodari, lazima nimpe haki yake.

Basi akaja Tamsin Rudge. Binti wa Whitby, mji mdogo wa pwani kaskazini, aliyetoka maabara akaja kwetu kwa sababu, alivyosema, alichoka kuishi na panya. Alikaa meza inayotazamana na ya Hilary na wakapatana. Alikuwa na mdomo wa utani.

"Hilary, hii keki yako umetia simenti?"

"Ile ya kwako juzi ilikuwa na nini, mwenzangu? Mbona tuliizika?"

Vaisey hakumpenda tangu mwanzo. Nadhani ni kwa sababu Tamsin alicheka vichekesho vyake pale tu vilipochekesha.

Siku ya kikao kikubwa cha kugawa ruzuku, nasimulia nilivyoambiwa na Hilary, maprofesa wamekaa kuzunguka meza, Tamsin alisoma muhtasari wa ombi la maabara moja ya Newcastle. Mahali fulani alikosea, akataja panya badala ya watu. Kosa la ulimi tu, kila mtu alilielewa.

"Soma tena sentensi hiyo," Vaisey akasema, anatabasamu.

Akasoma, akarekebisha.

"Tena, kwa ajili ya waliokuwa usingizini."

Akasoma.

"Simama, huenda sauti itafika Newcastle. Tena."

Tamsin alisimama. Alisoma tena na tena, na kila akimaliza Vaisey alisema "tena" kwa sauti ileile ya mtu anayekuomba chumvi mezani. Maprofesa walitazama biskuti zao. Hilary, aliyekaa ubavuni mwa Tamsin akiandika kumbukumbu za kikao, akainua kichwa na kusema, "Labda tupumzike kidogo, tupate chai?" Wote wakashukuru, wakainuka. Tamsin akaenda chooni akatapika, akachukua koti lake, na sisi hatukumwona tena.

Aliandika malalamiko akiwa kwa mama yake, daktari ameshampa likizo ya ugonjwa. Bodi ya wadhamini haikuweza kuyafumbia macho. Mfuko unaowanyima maprofesa ruzuku kwa uonevu ungesemaje? Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa ameweka bango barabarani. Wakamleta wakili kutoka nje, Bibi Philippa Cray, mama mkavu mwenye mkoba mkubwa, na tangazo likatufikia kwa barua pepe: yeyote mwenye la kusema aende kumwona Jumanne au Jumatano, kwa siri kabisa. Chini yake kulikuwa na mstari ambao Hilary aliuelewa kuliko sisi wote, kwa kuwa aliuandika yeye miaka ya nyuma kwa ajili ya maprofesa. Ulisema kwamba lalamiko lisiloungwa mkono na shahidi hata mmoja litahesabiwa halikuthibitika.

Mahali pa kusemea siri hizo walichagua chumba cha vioo. Kiko katikati kabisa ya ofisi yetu, kuta zote nne ni vioo kuanzia sakafuni hadi darini, na kilijengwa hivyo ili kuonyesha uwazi. Ukiketi humo unaonekana na idara zote, pamoja na watu wanaosubiri lifti. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta pale, na nilipokwenda kumuunganishia Bibi Cray ya kwake, nilimwambia kijana wa utawala, "Bwana, hiki ni kioo."

"Najua, Seif. Lakini ndicho chenye birika la umeme."

"Kina pazia?"

"Hakina. Tumemwambia azungumze kwa sauti ndogo."

Wala hakuwa na ubaya. Aliona mgeni lazima apate chai, akaishia hapo. Na hakuna aliyekwenda kulalamika kuhusu chumba, maana huko kungekuwa kukuza mambo.

Jumanne asubuhi Vaisey alitoka ofisini kwake na kahawa yake, akakaa kwenye meza tupu ya Tamsin, iliyotazamana na mlango wa vioo. "Nimechoka kukaa peke yangu," akatuambia. "Nimewakumbuka." Bibi Cray alikaa ndani na sahani ya biskuti, akasubiri. Hakuna aliyeingia. Watu walizunguka kwenda chooni kwa njia ya nyuma, kupitia stoo, ili wasionekane hata wamekaribia. Mchana Bibi Cray alikuwa ameshamaliza kusoma gazeti na kuanza kulijaza fumbo lake la maneno.

Jikoni tulikuwa watatu, mimi, Hilary na Desmond Okell wa uhasibu, mtu wa Liverpool asiyejua kunong'ona.

"Mle ndani," Desmond alisema, "hata ukijikuna sikio, Crispin ataandika ni sikio gani."

"Wewe huendi?" nikamuuliza.

"Niende kusema nini? Sikuwepo kikaoni. Mimi nimeona mengine, ya wengine. Aliyekuwepo ni huyu hapa."

Hilary alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi. "Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu," akasema. "Nikigombana naye sasa atanikalisha pale kona ya mashine za kunakili, hasemi na mimi mpaka nitoke. Nimeona alivyomfanyia Bernice, yuko pale mpaka leo. Siwezi, jamani. Naogopa, sitaki kuwadanganya."

"Hakuna anayekulaumu, mama," Desmond akasema.

"Na asipokwenda mtu?" Hilary akauliza.

Jibu alilijua yeye kuliko sisi: kesho jioni Bibi Cray angefunga mkoba wake, na Tamsin angeandikwa kwamba alisema jambo lisilothibitika. Na popote atakapokwenda kuomba kazi, katika dunia ile ndogo ambayo wote wanajuana, jina lake lingetangulia kufika.

Jumatano ilikuwa vilevile mpaka baada ya chakula cha mchana. Kisha Hilary aliinuka. Hakupita stoo. Alipita katikati ya ofisi, mikono mitupu, uso umemwiva.

"Hilary!" Vaisey aliita kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Umepotea njia, bibie? Chai iko upande ule."

"Sikupotea, Crispin."

"Basi unampelekea biskuti. Roho yako nzuri."

"Naenda kumwambia ulichomfanyia Tamsin," Hilary akasema. "Na nilichofanya mimi."

Akaingia. Kulikuwa na kiti kinachompa mgongo Vaisey, angeweza kukichukua, lakini alikaa kwenye kile kinachomtazama. Hatukusikia neno. Tuliona tu midomo yake, na mikono yake mezani, na baadaye tukamwona analia, Hilary yule, analia waziwazi kwenye sanduku la vioo mbele ya ofisi nzima, na haachi kusema. Nilitaka kutazama pembeni kwa adabu. Sikuweza. Nilisikia hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu nije nchi hii, na nilifurahi kuisikia.

Desmond ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikwenda akasimama nje ya mlango wa vioo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri posta. Basi. Baada ya muda Bernice wa mashine za kunakili akaja akasimama nyuma yake. Akafuata mmoja wa mawasiliano ambaye hata jina lake nilikuwa silijui vizuri. Sasa, wale wanaowajua Waingereza wanajua kwamba kitu ambacho hawakiogopi ni foleni. Mtu asiyethubutu kuanzisha jambo lolote duniani, akiona wenzake wamejipanga atajipanga, na akishajipanga hatoki, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza amefuata nini. Nikaenda na mimi. Tulipofika kwenye mimea ya vyungu nikageuka nikaona wengine nyuma yangu, na yule kijana wa utawala wa birika amo.

Vaisey akacheka. "Kuna nini, jamani? Wanagawa keki?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo alipofanya kosa. Aliinuka, akaja moja kwa moja mlangoni, akampita Desmond na kushika kitasa, ati amwambie Bibi Cray kwamba shughuli inavuruga kazi. Bernice, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amesemeshwa na mtu yule, akamgusa bega.

"Foleni inaanzia kule nyuma, Crispin."

Ungeniambia kwamba mtu mzima, mwenye cheo, ataachia kitasa kwa maneno hayo, nisingeamini. Aliachia. Kumpuuza Bernice aliweza mwaka wote huo, lakini kuruka foleni macho ya watu yote yakimtazama, hapana, hilo hakulelewa nalo. Akabaki amesimama kando, kahawa mkononi, kisha akarudi ofisini kwake akafunga mlango. Bibi Cray aliongeza siku mbili.

Ripoti ilitoka majira ya baridi. Sisi tulipewa ukurasa mmoja. Malalamiko yamethibitika; Dokta Vaisey anaondoka kufuata fursa nyingine; bodi inamshukuru kwa mchango wake na imejifunza mengi. Hapakuwa na keki, hilo nalo ni jambo. Baada ya miezi mitatu tulisikia amekuwa mshauri wa mfuko mwingine, wa magonjwa ya mapafu. Desmond alisema neno ambalo siwezi kuliandika.

Hilary alichukua treni kwenda Whitby kumpelekea Tamsin habari mwenyewe, pamoja na ujumbe wa bodi kwamba nafasi yake ipo na wanamkaribisha kwa mikono miwili. Haya aliyonisimulia ni ya kwake, alinisimulia Jumatatu yake bila kujipunguzia chochote.

Tamsin alikuwa amenenepa kidogo na anafundisha sayansi watoto wa shule ya pale. Alimpokea vizuri. Walitembea ufukweni upepo ukiwakata masikio, wakala samaki na chipsi kwenye karatasi, wakarudi nyumbani kwa mama yake. Hilary akamweleza yote, chumba, foleni, kitasa. Tamsin alicheka mpaka akashika mbavu kwa habari ya Bernice.

"Kwa hiyo utarudi?" Hilary akamuuliza. "Yeye ameshaondoka."

"Najua ameondoka."

"Meza yako ipo. Hajapewa mtu."

Tamsin hakuwa na hasira, Hilary alilisisitiza hilo, alisema afadhali angekuwa nayo.

"Hilary, yeye sikumwogopa sana. Kila maabara ina mtu kama yeye. Niliposimama pale nasoma, nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aseme inatosha. Nilitazama meza nzima. Sasa unaniambia nirudi, yeye hayupo. Ni kweli hayupo. Waliobaki ni nyinyi."

Hilary hakubisha. Alimsaidia mama yake Tamsin kuosha vyombo, akavaa koti, akapanda treni ya kurudi London.