Pande la Mama kwenye Paa la Skuli

Wanaoniuliza nani alinisomesha huwa wanangoja niitaje serikali. Hata! Serikali ilileta mwalimu na ubao, na shukrani zake nimeshazitoa. Lakini skuli yetu, kijijini nyuma ya Msambweni, tulijijengea wenyewe. Wanaume walikata boriti Gazi wakakandika kuta, wanawake wakashona makuti. Kila nyumba ilipewa pande lake la paa, na pande la mama yangu liliangukia juu ya meza ya mwalimu. Alijivunia hilo mpaka akachosha watu.

Kamati ya skuli ilikuwa ya wazee wa hapo hapo, na mwenyekiti alikuwa mjomba wake mama. Ndiyo iliyokubali wasichana wasome pamoja na wavulana. Haikuwa rahisi, walibishana miezi, ndani ya msikiti na barazani. Mwisho tukaingia wachache. Alfajiri tulikwenda chuoni kusoma Kurani, kisha tukakimbilia skuli. Nilikuwa darasa la pili na kusoma nilikupenda kuliko kula.

Mvua za vuli zilipoanza akaja mkaguzi wa ofisi ya elimu, kijana mstaarabu, viatu vinang'aa. Akatukusanya uwanjani, akasema amri imetoka Nairobi. Nafasi ni ndogo na mwalimu ni mmoja, kwa hiyo kuanzia Januari skuli ni ya wavulana tu. Wasichana wangoje mpaka yao itakapojengwa.

"Itajengwa wapi, bwana?" mama akauliza.

"Hilo bado halijaamuliwa, mama."

"Na lini?"

"Hilo pia bado."

Mwenyekiti akamwashiria anyamaze. "Mwanangu, kamati ilisema yake, na wakubwa wamesema yao. Tufanyeje?"

Mama akanishika mkono tukaondoka. Mimi nililia njia nzima, na yeye wala hakunibembeleza. "Futa kamasi," akaniambia. "Hujafa."

Asubuhi yake akajifunga kibwebwe, akaazima ngazi kwa jirani, akaenda skuli. Sasa elewa jambo moja. Kwetu mwanamke hushona makuti, lakini kuezeka na kuezua ni kazi ya mwanamume. Mwanamke juu ya paa ni kioja cha kusimuliwa mpaka Vanga. Naye alipanda, mchana kweupe, watu wanatazama. Nilisimama chini nikitamani ardhi inimeze.

Akaanza kung'oa, na wenzangu darasani wakaliona wingu badala ya paa. Mwalimu akatoka mbio, chaki mkononi.

"Mama, wabomoa skuli!"

"Siibomoi. Kuta za watu nimeziacha zilivyo. Nachukua makuti yangu. Nilimshonea binti yangu kivuli, na binti yangu mmemtoa."

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Wanawake wenziwe waliokuwa na mabinti wakaja, kila mmoja na mumewe, na kila mmoja akimwuliza mumewe swali lile lile: "Wapanda wewe, au nipande mimi?" Wallahi, wale wanaume walipanda! Aibu ya mke juu ya paa hakuna aliyeitaka. Paa likawa mifupa mitupu upande mzima.

Mkaguzi alikuwa amelala Msambweni, akaitwa. Alifika mvua ikinyesha, wavulana wamebanana pembeni kama kuku.

"Nani aliyetoa ruhusa? Skuli hii iko chini ya idara!"

Mama alikuwa amekaa juu ya rundo lake. "Basi idara ishone yake. Miyaa ya kushonea ipo tele, nitawaonyesha pa kuikata."

Watu wakaangua kicheko, hata mwenyekiti. Kisha yule mzee akaja akasimama kando ya mpwa wake. "Bwana," akasema, "kamati haina la kuongeza."

"Lakini amri si yangu, mzee wangu."

"Twajua. Basi mpelekee mwenye amri jibu letu."

Mkaguzi akajipangusa maji usoni. Akasema atalirudisha shauri Nairobi, na mpaka jibu lije, wasichana waendelee, Januari na baada ya Januari. Alitupa neno lake mbele ya wote.

Wenzetu wakaezeka tena kesho yake. Mama? Yake aliyabeba nyumbani akayapanga jikoni. Mwenyekiti alimbembeleza, na mwalimu, aliyekuwa akiihamisha meza kila mvua ikija, alimbembeleza zaidi.

"Neno la mkaguzi nimelisikia," mama akawa anajibu. "Nangoja nilione."

Nilimkasirikia kwelikweli. Kila manyunyu yalipoingia, darasa zima lilinigeukia mimi. Nikamwambia watu wanatucheka.

"Na wacheke," akasema. "Wacheke wamelowa."

Januari ikafika, na jibu la Nairobi halikuwa limefika. Mpaka leo sijalisikia. Niliingia darasani nikakaa nyuma. Jua la kaskazi lilipenya kwenye lile tundu likaangaza meza. Mwalimu akaanza kuita majina, wavulana kwanza. Akawamaliza. Akatazama juu, macho yakamuuma kwa mwanga. Kisha akaniita.

Niliitika kwa ukelele uliowashtua wenzangu, maana nilijua mama yuko nje, nyuma ya ukuta, mzigo wa makuti kichwani, na hangeutua mpaka anisikie.