MAMA Ni Pana Kuliko BIBI

Jamani, nichekeni tu. Kwetu Tarime mtu hamkumbatii mama mkwe, kwa hiyo shukrani zangu nilizipitisha kwenye kompyuta. Mama Mgosi alikuwa amekaa kwetu kumsaidia binti yake kumlea Bhoke, kichanga wetu, kisha akarudi kwake. Basi siku ya ubatizo nikaandika programu ndogo ya kuonyesha asante kwenye runinga, kila mgeni kwa jina lake.

Nilijaribu kwanza jina la bibi yangu: BIBI GHATI, TUNAKUSHUKURU. Likaenea vizuri kwenye kisanduku. MAMA MGOSI lina idadi ile ile ya herufi, sikuhangaika. Fundi mzima nimehesabu herufi badala ya kupima upana wake kwa pikseli, vile vidoa vya kioo! I ni nyembamba kama njiti; M imetanua miguu kama ng'ombe anayekamuliwa.

Zamu yake ilipofika, herufi za mwisho zikakosa nafasi. Sebule nzima ikasoma: MAMA MGOSI, TUNAKUSHUKU.

Nikatazama viatu vyangu. Mama mkwe akafungua mkoba taratibu.

"Baba Bhoke," akasema, "ule mwiko wenu wa ugali nimekuja nao. Nilikuwa naurudisha."