Pampu ya Mama Mkwe

Mimi sikusoma. Darasa la tatu nilitoka nikaenda Lukenya kupasua mawe. Kwa nyundo nilinunua lori, na kwa lori nikanunua hili shamba lililopakana na msitu, huku milimani juu ya Kangundo, mto ukipita katikati. Watu walinicheka wakasema nimenunua mawe na vivuli. Nikasawazisha, nikapanda nyasi, nikajenga vyoo, nikaleta mahema. Leo watu wanatoka Nairobi na Syokimau kuja kulala chini, na wananilipa. Mtu ameacha kitanda chake nyumbani. Sijawahi kuelewa, na si lazima nielewe.

Kinachowaleta ni mto. Si mto wa kujisifu sana, unauvuka kwa hatua tatu, lakini chini ya mkuyu kuna dimbwi linalofika kifuani, maji baridi, safi, yanatoka msituni. Hilo dimbwi ndilo kambi. Ukiliondoa, nabaki na nyasi na vyoo.

Kona chache juu yangu, kwenye mto huo huo, anaishi mama mkwe wangu. Amezeeka lakini hajachoka. Analima mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa ng'ambo, na kiangazi kikiingia anamwagilia kwa pampu. Pampu ikinguruma kule, dimbwi langu linashuka mpaka unaona kokoto. Jumapili tu ndiyo haiwashwi, kwa sababu ni siku ya Bwana, na maji yanarudi wakati wageni wanafunga mahema.

Mtu wa mbali ataniuliza, si uende umwambie? Huyo si wa kwetu. Kwetu Wakamba, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawakai nyumba moja, hawasemeshani ovyo. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Ni heshima, tunaiita nthoni. Vijana wa siku hizi wanampa mama mkwe mkono na kupiga naye picha. Shauri yao. Mimi tangu nioe sijawahi kumwona huyo mama usoni kwa ukaribu, na simu pia ni mdomo, siwezi kumpigia.

Miaka yote mke wangu ndiye alikuwa anasema kwa niaba yangu. Tukiwa na wageni wakubwa, alikuwa anapanda kwa mama yake Alhamisi na kilo mbili za sukari, anakaa huko mpaka jua linapoa, na Jumamosi pampu inapumzika. Sikuwahi kuuliza walikuwa wanaongea nini. Mwaka juzi tulimzika. Mama yake alisimama upande ule wa kaburi, mimi upande huu, kila mtu akiangalia udongo. Hatukupeana pole. Mpaka leo hatujapeana.

Basi kiangazi hiki alinipigia pasta mmoja wa Athi River. Kanisa lake ni la watu wa viwandani. Alitaka kuja nao Ijumaa, walale, Jumamosi abatize watu mtoni, jioni warudi kwa sababu wengine wanaingia kazini usiku. Akaniuliza kama maji yapo. Nikamwambia maji yangu hayakauki. Mimi ni mtu wa neno langu, sikutaka kuanza kumweleza pasta habari za mama mkwe.

Ijumaa walifika usiku, pampu imeshazimwa, dimbwi limejaa. Waliimba kando yake mpaka nikafurahi. Jumamosi asubuhi nikasikia pampu. Jua lilipopanda vizuri, dimbwi lilikuwa linafika magotini. Baadaye kidogo, vifundoni. Kijana mmoja wa kwao akasimama juu ya jiwe akaniita.

"Mzee, huu mto umeenda lanchi ama?"

Wenzake wakacheka. Nilimwambia akae chini.

Pasta alikuja na viatu mkononi. Nikamwonyesha tangi langu jeusi la plastiki. Akaliangalia.

"Mzee wangu, sisi tunazamisha mtu mzima. Hapo nitamwingizia wapi, kwa mfuniko?"

Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja wa makamo, anafanya kazi ya kufunga sabuni kiwandani. Alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe, imepigwa pasi, na mfuko wa plastiki ilimotoka bado ameushika. Hakucheka kama wale vijana. Aliniuliza tu, "Baba, yatakuja?"

Nimeshindana na mawe maisha yangu yote. Jiwe likikataa, unabadilisha pembe, unapiga tena. Hapo sikuwa na pa kupiga. Nikamwambia sijui.

Nikapanda. Nilifika kwenye ua wa mama mkwe nikasimama nje, nyuma ya migomba, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa. Mfanyakazi wake, mwanaume mzima mwenye wajukuu, alikuwa anashika mpira wa maji. Nikakohoa. Nikasikia kiti kimesogezwa ndani ya ua, nikajua mama ananisikia.

Nikamwambia mfanyakazi, kwa sauti, "Mwambie mama niko na watu wa Mungu huko chini. Wanataka maji ya kubatizwa."

"Susu, anasema ana watu wa Mungu," yule akasema. Susu ni bibi kwa Kikamba, ndivyo watu wanavyomwita.

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mama akajibu. "Mwambie hata mishiri ni ya Mungu. Jumatatu inachumwa, na lori ya kampuni haingoji mtu. Ikikunjamana leo hawaichukui."

"Anasema mishiri..."

"Mwambie naelewa," nikasema. "Ni leo tu."

"Mwambie zamani nilikuwa naambiwa mapema. Alhamisi nilikuwa najua."

Mfanyakazi hakurudia hiyo. Aliangalia chini, akaendelea kushika mpira. Mimi nikaangalia mgomba. Aliyekuwa anakuja Alhamisi tunamjua wote wawili, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa ya kumtaja kwa mwenzake.

Baadaye mama akasema, "Muulize anapikiwa na nani."

"Mwambie najipikia."

"Muulize anapika nini."

"Mwambie isyo." Hiyo ni mahindi na maharagwe, chakula chetu.

"Kila siku?"

Mfanyakazi akanigeukia akingoja jibu. Pampu ilikuwa bado inanguruma. Nikaaga mgomba, nikashuka.

Nilikuwa sijafika kwenye daraja la miti niliposikia kimya. Pampu imezimwa. Nikakimbia, mimi mzee, nikawaambia wangoje, maji yanakuja. Wakangoja. Lakini mto uliokaushwa una mashimo mengi ya kujaza kabla ya kunifikia mimi. Dereva wa basi akaanza kupiga honi. Pasta akatazama simu yake mara mbili, akanishika bega akasema watarudi msimu wa mvua. Najua hawatarudi. Yule mama wa sabuni alivua kanzu nyuma ya hema, akaikunja, akairudisha mfukoni. Alinishukuru. Afadhali angenitukana.

Basi lilipokuwa linapotelea kwenye kona ndipo maji yalipofika. Yalikuja polepole kwanza, yamebeba majani, halafu dimbwi likajaa mpaka mahali pake. Nilikaa juu ya jiwe nikayaangalia. Kule juu mishiri ilikuwa inachomwa na jua bure, na mimi sikuwa na mtu wa kumtuma akaseme, mama, washa pampu yako, wameenda. Kurudi mwenyewe kumwambia hivyo, nilishindwa. Miguu ilikuwepo. Maneno ndiyo niliyokosa.

Jumapili baada ya kanisa mfanyakazi wake alishuka na mfuko. Ndani mlikuwa na sukuma wiki, nyanya, na mishiri kidogo, ile iliyokunjamana.

"Susu ananituma nikuulize," akasema. "Walibatizwa?"

Dimbwi lilikuwa limejaa mbele yetu, hakuna mtu ndani. Aliliona kama nilivyoliona.

"Mwambie maji yalifika," nikasema.

Nikachukua mfuko, nikaenda kuwasha jiko.