Hodi ya Tatu

Mie Najma, mpiga picha za pasipoti pale Mtoni, si mwoga. Anayebisha aende mwenyewe kwenye ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofungwa huko nyuma ya Chamazi. Jumapili huwa nazunguka kupiga picha majengo yaliyotelekezwa, na siku ile nilifika saa nne asubuhi, jua kali.

Mama alinilea kwa fimbo: huingii kwa mtu bila hodi, na ukipiga tatu usiitikiwe, unarudi. Mdomo umeshazoea. Kwenye mlango wa wodi, uliobakiwa na bawaba moja, nikaita hodi, nikajicheka. Nikaita ya pili, wakaruka popo. Ya tatu ilinitoka yenyewe.

"Karibu," sauti ikajibu ndani.

Nilitaka kukimbia, lakini ukishakaribishwa unaondokaje? Nikachungulia. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na juu yake amekaa bibi mmoja, amevaa gauni la wagonjwa lililochakaa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wa nyumbani ndio waliokutuma?"

Akaiona kamera shingoni mwangu. Akafunga kifungo cha juu cha gauni, akakaa wima kama wateja wangu.

"Piga uwapelekee," akasema. "Waone nimeshapona."

Nilipiga kadhaa harakaharaka, nikatoka mbio. Picha zote zimetoka ukungu, sura haionekani. Na kurudi kupiga nyingine naogopa.