Kanisa lisilo na paa na swali la Mama

Leo ni Jumamosi, niko Ayalandi na darasa letu, na nyinyi wa kanisani nitawaeleza yote bila kuficha.



Tulifika kwenye magofu ya kanisa kando ya ziwa. Kuta za mawe zimesimama, paa hakuna, na kondoo wanalala palipokuwa na madhabahu. Nikampigia Mama kwa video ili aone maji na vilima.

Hakutazama vilima.

"Bon, na batu ba kanisa? Balikimbilia wapi?"

Jamani! Sisi wote tulikuwa tunajipiga picha tu. Hakuna aliyefikiria kuuliza watu wa kanisa hilo walikimbilia wapi. Nikamtafsiria bibi anayetutembeza. Akasema inasimuliwa kwamba walivuka kwa mitumbwi hadi kisiwa kile pale, wakabeba na kengele yao.

Nikamwambia Mama.  

"Siye, wakati tulikimbia kwetu, tulibeba ngoma ya kwaya," akasema. "Ni miye nilikuwaka naipiga."

Mama yangu?!

Mama huyu ambaye hapo kanisani kwetu Louisville hukaa benchi la nyuma kabisa, na hata makofi hapigi?

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Haukuniulizaka."

Halafu akacheka. Kicheko hicho sijawahi kukisikia.

Sasa nyinyi mlio kwenye kwaya, tafadhali nijibuni leo hii: kesho ibadani, nani kati yenu atamwita Mama mbele na kumpa ngoma?