Binti Yangu na Mbao za Theluji

Binti yangu amezaliwa Hayes, magharibi ya London, na kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kusikiliza tu. Nikimwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Alipopata kazi ya kufundisha watu kuteleza kwa ubao, katika ukumbi wenye theluji ya kutengenezwa nje kidogo ya London, alinialika nikamwone. Nikaenda na shoga yangu wa Unguja, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka hapa.

Mle ndani baridi ilikuwa ya friji. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nami nikauendea mmoja mwekundu, wenye pua ndefu iliyochongoka. Binti akaniambia kwa Kiingereza kwamba huo si wangu, kisha akaanza kumweleza shoga yangu kwa nini. Shoga yangu akawa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu asiyeelewa kitu. Binti akaliona hilo. Nikajua sasa atanigeukia nimtafsirie.

"Anti," akasema kwa Kiswahili, "angalia ubao hii."

Akachukua ubao mwingine, akaulaza sakafuni. Ulikuwa umeinuka katikati.

"Hii iko kama daraja. Ukisimama, uzito yako inabonyeza katikati, halafu ukingo yote inashika theluji. Inashika sana! Lakini ukikosea kidogo, inakuangusha." Akaulaza wa pili, ambao ncha zake zote mbili zilitazama juu. "Hii iko kama ndizi. Haishiki sana, ukienda mbio inayumba, lakini inakusamehe."

"Na ule mwekundu?" akauliza shoga yangu.

"Ile inapenda njia moja. Mbele. Pua ndefu ni ya kuelea kwa theluji nyingi, mkia ni fupi. Hii ya ndizi, mbele na nyuma ni sawasawa."

Ngeli zilikuwa zinagongana, na sikusahihisha hata moja. Nilisimama pale na kofia yangu ya kuazima, kifua kimejaa.

Tukafungwa miguu kwenye mbao za ndizi. Shoga yangu alishuka hatua chache, ubao ukageuka, akajikuta anateremka kinyumenyume.

"Jamani, narudi nyuma!"

"Sawa tu, Anti! Ubao haijui tofauti! Kunja magoti!"

Akakunja, akafika chini akiwa wima, mikono hewani. Mimi nilifika kwa makalio.

Tukawa tunarudi kila Jumamosi ambayo sina zamu hospitali. Ilipofika siku ninashuka bila kuanguka, nikaomba ule ubao wa daraja. Mara ya kwanza ukingo wa chini ulinasa, nikaenda kifudifudi. Binti akaninyanyua, akanipangusa theluji usoni.

"Egemea upande ya mlima, mama. Usipigane nayo."

Nikaegemea. Ubao ukauma theluji, ukapinda chini yangu, ukanisukuma kuingia kona ya pili kana kwamba una nguvu zake wenyewe. Chini nikageuka kutazama nilikotoka. Ndizi ilikuwa ikiacha alama pana, kama mtu amefagia. Safari hii palikuwa na mstari mmoja mwembamba, umekatwa safi, na ulikuwa wangu.

Jioni ile tulikula mogo, yaani muhogo wa kukaanga, mtaani Southall, kwa mama mmoja wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu. Shoga yangu alikuwa bado amejaa msisimko. Akachukua vipande viwili vya mogo, kimoja kimepinda juu, kimoja chini, akamweleza yule mama habari zote za daraja na ndizi.

"Nani amewafundisha nyinyi haya mambo?" akauliza yule mama.

"Huyu hapa," nikasema, nikamshika binti bega.

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Yule mama akamtazama. "Wewe umezaliwa wapi, mwanangu?"

"Hapa tu, Hayes," akajibu binti yangu, kwa Kiswahili, na akajisogezea sahani ya pilipili.