Abigail na Kalenda ya Tenti

"Siku programu yangu itakosea, mtasikia kwangu kwanza! Sitangoja mnipigie simu!"

Hayo Abigail Navalayo aliyatangaza harusini Khayega, baada ya kumnyang'anya MC maikrofoni, bibi harusi akiwa bado anatafuna keki. Watu wakashangilia kama vile wameelewa. MC akamwombea.

Abigail anaunda plagini. Usikimbie. Umewahi kuona trekta ya miwa ikielekea kiwandani Butali? Tovuti ni trekta, plagini ni trela unayoifunga nyuma. Haijiendeshi, lakini ndimo mzigo ulimo. Trela ya Abigail ni kalenda: mwenye kukodisha tenti na viti anaifunga kwenye tovuti yake, mteja anaona siku ambazo tenti ziko huru, anaandika jina, kwisha. Aliiunda Shirere, kwenye saiba ya binamu yake Nekoye, katikati ya wanafunzi wanaokuja kuchapishiwa kazi ambazo hata wao hawajazisoma.

Na biashara yake haina pazia. Ana ukurasa mmoja mtandaoni ambapo anaandika kila kitu: nani amenunua, nani amekimbia, na amekimbia kwa nini. Nekoye alipomuuliza tabia hiyo ameitoa wapi, alijibu ameitoa matangani. Huku kwetu mchango wa msiba husomwa kwa sauti mbele ya umati, jina kwa jina, hata la yule aliyeleta kuku mmoja mwenye kikohozi.

"Kama maiti anasomewa kila kitu hadharani," alisema, "mteja aliye hai amekosa nini?"

Mwaka huu kikundi cha wenye tenti kikataka kalenda moja kwa wanachama wake wote. Kikimkubali, Abigail anaishi kwa kazi yake. Kikimkataa, anarudi kwenye ile printa ya Nekoye inayomeza karatasi kama mbuzi. Wanachama wawili, Phineas wa Khayega na Jescah wa Butali, wakapewa waijaribu kwanza. Mkutano wa kuamua ukawekwa Jumatano.

Siku chache kabla, mnunuzi mmoja wa kalenda, wa ng'ambo, akalalamika: sherehe yao huisha jioni, wanakunja tenti, wanaenda, sasa mbona kalenda inasema tenti bado ziko kazini? Abigail akaufupisha muda ambao tenti huhesabiwa kuwa kazini. Na kwa furaha ya kusifiwa na mzungu, akaufupisha kwa kila mtu.

Sasa, wewe unajua na mimi najua kwamba huku hatuziki na kutawanyika. Familia hukaa chini ya tenti mpaka siku ya kunyoa, nywele zitoke, mambo ya marehemu yazungumzwe. Abigail mwenyewe kichwa chake kimepita kwenye huo wembe. Akasahau!

Jumapili asubuhi, kalenda ya Phineas ikasema tenti ziko huru. Kanisa lenye harambee ya mabati likazichukua. Vijana wa Phineas wakaingia kwenye boma la msiba, wakaanza kufungua kamba.

"Nyinyi!" shangazi wa marehemu akafoka. "Mzee wetu hajapoa huko chini, mnatuvua paa?"

"Mama, simu ndiyo imesema..."

"Simu imefiwa na nani?"

Phineas akampigia Abigail na kumwambia maneno ambayo hata Nekoye hawezi kuyachapisha. Majivuno ya harusini yakafa nusu hapo hapo.

"Dada, rekebisha kimyakimya," Nekoye akamshauri. "Phineas ni mmoja tu. Jumatano ndiyo hii. Mwenyekiti wa kikundi, Simiyu, akisikia, umekwisha."

"Na wengine wenye matanga leo?"

"Si waombe Mungu! Wewe ndiye kanisa?"

Lakini Abigail alikuwa ameshaanza kuandika kwenye ule ukurasa: *Kosa ni langu. Nimefupisha muda na kalenda inasema tenti ziko huru kabla ya siku ya kunyoa. Msiiamini leo. Pigieni wafiwa kwanza.* Akaweka jina lake chini na kulituma tangazo hilo kwa kila mnunuzi.

Kule Butali, dereva wa Jescah alikuwa ameshawasha lori kwenda kuchukua tenti za msiba mwingine. Jescah akasoma, akatoka mbio na leso mkononi, akajisimamisha katikati ya barabara.

Jumatano, Simiyu, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi, akalisoma tangazo lile mbele ya kikundi kizima. Abigail akasimama.

"Nani alikulazimisha kuandika haya, madam?"

"Hakuna, mwenyekiti."

"Phineas, unasemaje?"

"Mimi bado nina hasira," Phineas akasema. "Lakini yule anayenikodishanga jenereta alichoma spika zangu zote, na mpaka leo anasema ni radi. Kiangazi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Jescah akasimama. "Mimi lori nililizuia na mwili huu kwa sababu huyu msichana alisema mapema. Mnataka mwingine, atakayenyamaza?"

Mikono ikapanda, wa Phineas ukiwa wa mwisho, ukipanda kama mzee anayepanda ngazi. Lakini ukapanda! Abigail akajipigia kigelegele mwenyewe. Nekoye akamkumbatia mpaka miwani ikaruka.

Simiyu akamvuta kando, karibu na sufuria ya chai.

"Sasa, msichana wangu. Sisi ni wengi. Tupatie bei yetu ya pembeni, na usiiandike kwa ule ukurasa wako."

"Bei ni moja, mzee. Yule wa ng'ambo analipa hiyo, Mama Jescah atalipa hiyo."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti. Chai yenu lakini ni tamu."

Simiyu akakohoa, akaufungua ukurasa kwa simu yake, akawageukia wanachama na kuwasomea bei kwa sauti:

Kalenda ya tenti ni shilingi elfu tatu na mia tano kwa mwaka.